Kapteni Ben Salomon: daktari wa meno aliyefia Saipan mwaka 1944, na nishani iliyochelewa karibu miaka 58

#1 Kumbukumbu (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa Ben Salomon, daktari wa meno wa jeshi la Marekani aliyeuawa tarehe 7 Julai 1944 akiwa na miaka 29, katika vita na Wajapani kisiwani Saipan, Bahari ya Pasifiki. Wengi wanaomtaja hutaja maiti 98 zilizokutwa mbele ya bunduki yake, basi, habari imekwisha. Mimi nataka tuingie ndani zaidi. Alichokifanya hakuna aliyekibisha, hata jenerali aliyekataa kumpitisha hakukibisha. Kwa nini basi alinyimwa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Marekani, hadi mwaka 2002? Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kilichomnyima ni ibara ya Mkataba wa Geneva, ule unaolinda majeruhi na matabibu vitani, iliyosomwa nusu.

Historia yake kwa ufupi. Alizaliwa Milwaukee, Wisconsin, tarehe 1 Septemba 1914. Alisoma kwanza Marquette, akahamia University of Southern California na kuhitimu udaktari wa meno mwaka 1937, kisha akafungua kliniki yake. Mwaka 1940 aliandikishwa jeshini kwa mujibu wa sheria, na akaingia kama askari wa kawaida wa miguu, kruta kama makruta wengine, pamoja na shahada yake. Shabaha yake ya bunduki na bastola ilikuwa kali. Haukupita muda mrefu akawa sajini wa seksheni ya bunduki za rashasha, zile ambazo wazee wetu waliziita bombomu.

Mwaka 1942 jeshi likamtaka ahamie kitengo cha meno. Aliomba abaki na askari wa miguu, na kamanda wake akamwombea cheo cha luteni hukohuko. Yote yakagonga mwamba. Agosti 1942 akawa luteni katika Kikosi cha Madaktari wa Meno, na mwaka 1943 akapelekwa kuwa daktari wa meno wa Rejimenti ya 105, Divisheni ya 27, ile iliyotokana na askari wa akiba wa New York. Huko alikuwa akitibu meno asubuhi na kufundisha mbinu za vita mchana. Cheo cha kapteni alikipata mwaka 1944.

Hilo la rashasha mlishike, tutalirudia.

#2 Gego

Asante kwa uzi, mkuu. Niongeze upande wa kazi yenyewe, maana watu hudhani daktari wa meno jeshini alikuwa pambo.

Marekani ilipoanza kuandikisha vijana mwaka 1940, masharti yalidai kijana awe na angalau jozi tatu za meno ya kutafunia yanayokutana juu na chini, na jozi tatu za meno ya mbele. Jozi sita tu kati ya meno 32, na bado kasoro za meno zikaongoza orodha ya sababu za kukataliwa. Mwaka 1942 masharti yakalegezwa, hata asiye na jino kinywani akapokelewa ilimradi atengenezewe ya bandia. Mzigo wote huo ukawaangukia madaktari wa meno, ambao kufikia mwaka 1944 walikuwa zaidi ya 15,000 katika jeshi la nchi kavu.

Vifaa vya porini vilikaa kwenye sanduku. Mashine ya kutoboa jino ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu mithili ya cherehani. Kwa mguu hupati zaidi ya mizunguko elfu moja au mbili kwa dakika, ilhali mashine za hewa zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1950 zilifika takriban 300,000. Mwendo mdogo una maana ya kukandamiza zaidi, kutetemeka kwingi, na joto linaloumiza kiini cha jino. Hivyo unatoboa sekunde chache, unainua, unapuliza, unarudi. Mguu ukichoka ncha inakwama ndani ya jino, na mgonjwa anaruka kitini.

Halafu kuna kuziba. Amalgamu ilisagwa kwa mkono: unga wa aloi ya fedha na zebaki kwenye kinu kidogo cha kioo, kisha unaukanda na kukamua zebaki iliyozidi kwa kitambaa. Kosa kubwa lilikuwa kuukandia kiganjani. Aloi za wakati ule zilikuwa na zinki. Zinki ikikutana na unyevu, iwe jasho au mate, hutoa gesi ya haidrojeni ndani kwa ndani, na siku tatu hadi tano baadaye kizibo huanza kuvimba. Askari aliyeondoka vizuri Jumatatu anarudi Ijumaa akishika shavu. Visiwa vya Pasifiki ni joto na jasho mwanzo mwisho, kwa hiyo unakandia ndani ya kipande cha mpira au kitambaa, kiganja hakigusi.

#3 Dodoso

Gego, nimekuelewa. Swali langu: fundi wa meno anafikaje kuwa ndiye msimamizi wa majeruhi wa batalioni nzima? Risasi ya tumbo na gego lililooza wapi na wapi?

#4 MamaZahanati

Dodoso, alifika hapo kwa kujitolea. Tarehe 22 Juni 1944 daktari wa Batalioni ya Pili alijeruhiwa na bomu la mota, na Salomon akaomba kushika nafasi yake. Wakati wa mapigano makali daktari wa meno hana wa kumtibu jino, kwa hiyo wengi walitumika kama wasaidizi wa daktari mkuu. Mafunzo yao ya damu, ganzi, mishono na maambukizi yanatosha kabisa kwa kituo cha mbele.

Maana kituo cha mbele hakifanyi upasuaji wa tumbo. Kinamfanya mtu afike nyuma akiwa hai. Unazuia damu, unafungua njia ya hewa, unaziba tundu la kifua, unafunga banzi, unatuliza maumivu, unaandika kadi, unamwita mbeba machela. Jeraha la tumbo unalifunika na kumpeleka haraka, humpi hata maji.

Vitu vitatu vilivyokuwa vikienda vibaya, na wanafunzi wa tiba za dharura wavijue hadi leo:

Mofini. Ilikuja kwenye kijibomba kidogo mfano wa cha dawa ya meno, chenye sindano yake, nusu greni, yaani kama miligramu 30. Hiyo ni mara tatu ya dozi ya kawaida ya leo. Aliyepoteza damu nyingi, ngozi na misuli yake haipitishi damu vizuri, kwa hiyo dawa inakaa palepale ilipochomwa. Bado analia, anachomwa ya pili. Akija kupata maji ya mshipani na mzunguko ukarudi, zote mbili zinaingia kwa mpigo, pumzi inakatika. Ndiyo sababu kijibomba kitupu kilibanwa kwenye ukosi wa shati la majeruhi, ili anayefuata ahesabu.

Kamba ya kukaza mkono au mguu. Saa ya kufunga lazima iandikwe kwenye kadi. Mafunzo ya enzi ile yalisema uilegeze kila baada ya muda fulani ili kiungo kisife. Leo hatufanyi hivyo, kwa sababu kila ukilegeza damu inamwagika upya na donge lililoanza kuganda linang'oka. Unakaza, unaacha, anafungua mpasuaji.

Plazima (majimaji ya damu) ya unga. Chupa mbili, moja ya plazima kavu na moja ya maji safi. Chupa ya unga ilitolewa hewa kiwandani, kwa hiyo ukiunganisha kwa sindano yenye ncha mbili maji hunyonywa yenyewe. Ikiwa hewa imeshaingia, maji hayasogei na unabaki umeinua chupa bure. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kupima kundi la damu. Ubaya uliokuja kuonekana baadaye ni kwamba plazima ilichanganywa kutoka kwa wachangiaji wengi, na mmoja akiwa na virusi vya ini, wote wanaoitumia wako hatarini.

#5 Gego

Na kuna jeraha moja ambalo daktari wa meno analijua kuliko madaktari wengine: la taya.

Taya la chini likisagwa mbele, pale kidevuni, ulimi unakosa pa kushikilia. Misuli inayouvuta ulimi mbele imejishika kwenye mfupa uleule uliovunjika. Mlaze mtu huyo chali kwenye machela, kama unavyomlaza kila mtu, ulimi unarudi nyuma unaziba koo, na damu inafuata. Anakufa kwa kukosa hewa, si kwa jeraha. Anayebeba machela haelewi, kwa sababu majeruhi hana uwezo wa kusema. Anachoona ni mtu anayepapatika akitaka kuinuka, naye anamkandamiza alale.

Dawa yake ni rahisi. Kama ana nguvu, mkalishe ameinama mbele, mate na damu vitoke. Kama hana, mlaze kifudifudi, paji la uso likae kwenye mkanda wa machela, uso uwe wazi chini. Ulimi ukiendelea kurudi, piga mshono mmoja mnene katikati ya ulimi, si pembeni maana utachana, kisha funga uzi kwenye kifungo cha nguo. Kama huna uzi, pini ya kubania nguo hufanya kazi hiyohiyo.

Bendeji nayo ina mtego. Ile inayozunguka kichwa na kidevu ikivuta taya kuelekea nyuma, umeziba koo kwa mikono yako. Ivute juu, usiivute nyuma.

Kuunganisha taya kwa waya hufanyika hospitali. Waya laini wa chuma, unene wa nusu milimita hivi, unazungushwa kwenye meno ya juu na ya chini kisha vinafungwa pamoja, na mfupa unaunga wiki nne hadi sita. Mkasi wa waya unafungwa kitandani kwa mgonjwa, usiku na mchana. Akitapika kinywa kikiwa kimefungwa, mwenye kuuokoa uhai ni yule aliye karibu na mkasi.

#6 Kumbukumbu

Hapo mmenitangulia vizuri. Sasa siku yenyewe.

Mwanzoni mwa Julai Wajapani walikuwa wamebanwa kaskazini mwa kisiwa. Jenerali Yoshitsugu Saito aliamuru shambulio la mwisho, la kufa wote, kisha akajiua. Jioni ya tarehe 6 Batalioni ya Kwanza na ya Pili za Rejimenti ya 105 zilipiga kambi pamoja kwenye uwanda wa Tanapag, kando ya bahari. Kati yao na wenzao kulikuwa na pengo ambalo halikuzibwa usiku ule.

Saa 11 kasorobo alfajiri wakaja. Hati ya nishani inakadiria kati ya 3,000 na 5,000. Batalioni zote mbili zikamezwa. Hesabu inayotajwa kwa siku ile ni 406 waliokufa na 512 waliojeruhiwa katika batalioni hizo mbili.

Hema la Salomon lilikuwa nyuma kidogo tu ya mashimo ya askari wa mbele. Katika dakika za kwanza majeruhi kama 30 walifika, wengine kwa miguu, wengine wakitambaa, wengine wamebebwa. Hema likajaa. Akawa anashughulika na waliomo ndani na kuwaacha nje kwenye machela waliosubiri. Ndipo alipoona askari wa Kijapani akimchoma kwa singe majeruhi mmoja aliyelala karibu na hema. Akachuchumaa, akampiga risasi. Akarudi kwa wagonjwa. Wakaingia wawili kwa mlangoni, nao wakauawa. Wanne wakapenya chini ya kuta za hema: mmoja Salomon akampiga teke kisu kikamtoka mkononi, wa pili akampiga risasi, wa tatu akamchoma singe, wa nne akampiga kichwa cha tumbo, na majeruhi mmoja akammalizia.

Hapo akaamuru wote wanaoweza wajivute kurudi kituo cha rejimenti, naye atawazuia adui. Akachukua bunduki ya majeruhi, akatoka. Askari wanne waliokuwa kwenye rashasha walipouawa, akaishika yeye.

Sajini wa rashasha wa enzi zile alirudi kazini kwake. Angekuwa daktari asiyewahi kuigusa, mkanda ungemkwamia mkononi.

#7 Dodoso

Naheshimu sana, ila kwenye hesabu naomba tuwe makini. Mitandaoni naona 98, 76, 24, zote zinachanganywa. Ipi ni ipi?

#8 Kumbukumbu

Haki kabisa. 98 ni maiti za Wajapani zilizohesabiwa mbele ya bunduki, na ndiyo namba iliyomo kwenye hati rasmi. 76 ni majeraha ya risasi kwenye mwili wake. 24 ni yale ambayo aliyeukagua mwili aliona huenda aliyapata akiwa bado hai. Hizo mbili zinatoka kwenye maelezo ya waliokagua eneo, si kwenye hati ya nishani. Anayeandika "majeraha 98" amechanganya.

Niongeze tahadhari: maiti 98 mbele ya bunduki si lazima wote wawe wa mkono wake. Wale wanne walioitumia kabla yake nao walipiga, na uwanda wote ulikuwa vita. Hati yenyewe ina busara, inasema maiti zilikutwa mbele ya nafasi yake, haisemi zaidi. Inatosha.

#9 Mwanasheria Kimya

Nimesubiri mfike hapa. Mleta uzi amesema ibara ilisomwa nusu, nami naunga mkono, na nitaonyesha nusu iliyoachwa.

Aliyekataa ni Meja Jenerali George Griner, kamanda wa Divisheni ya 27. Hoja yake kwa kifupi: Salomon alistahili sana, ila alikuwa wa idara ya tiba, alivaa kitambaa cha Msalaba Mwekundu mkononi, na kwa Mkataba wa Geneva ofisa wa tiba haruhusiwi kubeba silaha dhidi ya adui.

Mkataba uliokuwa ukitumika ni wa mwaka 1929, ule wa majeruhi na wagonjwa. Ibara ya 7 inasema kituo cha tiba kinapoteza kinga kikitumika kutenda mambo ya kumdhuru adui. Ukiishia hapo, Griner yuko sahihi. Lakini ibara ya 8 inafuata papo hapo na kutaja mambo ambayo hayakiondolei kituo kinga. La kwanza: kwamba wahudumu wake wana silaha, na wanazitumia kujilinda wenyewe au kuwalinda wagonjwa na majeruhi walio chini yao. La tatu: kwamba kituoni zimekutwa silaha ndogo na risasi zilizotoka kwa majeruhi.

Sasa soma tena #6. Mtu anamchoma singe majeruhi aliye kwenye huduma yako. Unampiga risasi. Hiyo ndiyo ibara ya 8 neno kwa neno. Unachukua bunduki ya mgonjwa wako, na hiyo pia imo. Kinachokatazwa kwa ofisa wa tiba ni kushambulia, yaani kutoka na kwenda kumtafuta adui huku umejificha nyuma ya alama ya msalaba.

Mkataba wa mwaka 1949 umebeba kanuni hiyohiyo katika ibara ya 22. Haikuwa mpya, wala haikuwa imejificha.

#10 Dodoso

Wakili, hema nakubali. Ila rashasha? Hiyo si bastola ya kujilindia. Rashasha ni silaha ya kikosi, ina wahudumu, imewekwa kwenye mstari wa ulinzi wa batalioni. Alipoishika si ndipo alipovuka kutoka utabibu kwenda upiganaji?

#11 Mwanasheria Kimya

Hiyo ndiyo hoja nzito pekee upande wa pili, na haifai kupuuzwa. Nijibu kwa sehemu.

Maneno ya 1929 hayatofautishi silaha kwa aina. Yanauliza inatumika kwa ajili gani. Kikomo cha "silaha nyepesi za mtu mmoja" kwa wahudumu wa tiba kiliandikwa katika Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya Geneva ya mwaka 1977, ibara ya 13, na hiyo inahusu tiba ya kiraia. Huwezi kuchukua kipimo cha 1977 ukamhukumu nacho mtu wa 1944.

Lililo kubwa zaidi watu hulisahau. Tuseme nakupa hoja yako yote, kwamba pale kwenye rashasha alitoka nje ya kinga. Matokeo yake ni nini? Kwamba adui anaruhusiwa kumpiga risasi kama askari mwingine yeyote. Basi. Kupoteza kinga si kosa la jinai. Ofisa huyu hakumlaghai adui kwa alama ya msalaba, alikuwa ameonekana waziwazi nyuma ya bunduki. Griner alichukua swali la "je, adui alimkosea kumuua?" akalijibu kana kwamba ni "je, yeye alikosea kupigana?" Hayo ni maswali mawili.

Na kusudi lake alilitamka mwenyewe kabla hajatoka hemani: ninyi rudini nyuma, mimi nitawazuia. Wagonjwa walikuwa bado njiani, wanatambaa. Ulinzi wa majeruhi haukuishia mlangoni mwa hema.

#12 Kumbukumbu

Nimeridhika na hilo. Sasa safari ya jalada, maana hapa ndipo panaponiuma.

Aliyekusanya ushahidi ni Edmund Love, mwanahistoria wa divisheni, wakati wapo walioshuhudia. Griner akakataa. Mwaka 1951 Love alijaribu tena kupitia ofisi ya historia ya jeshi, jalada likarudi bila kushughulikiwa: muda wa kupendekeza nishani za vita vile ulikuwa umekwisha. Mwaka 1969 Luteni Jenerali Hal Jennings, mganga mkuu wa jeshi, akalifufua, na mwaka 1970 waziri wa jeshi la nchi kavu, Stanley Resor, akapendekeza likubaliwe. Likaenda wizara ya ulinzi na kurudi bila uamuzi.

Mwaka 1998 Dkt Robert West, wa chuo kilekile alichohitimu Salomon, alilipeleka upya kupitia mbunge Brad Sherman, akiungwa mkono na Meja Jenerali Patrick Sculley aliyekuwa mkuu wa Kikosi cha Madaktari wa Meno. Safari hii bunge likaondoa kikwazo cha muda. Tarehe 1 Mei 2002 Rais George W. Bush akaitoa Ikulu. Salomon hakuwa na ndugu aliyebaki wa kuipokea, ikapokewa na Dkt West.

Angalieni sababu za kurudishwa. Ya kwanza tu ndiyo iliyohusu Geneva. Baada ya hapo ni muda, ni foleni, ni mezani kwa nani. Tafsiri moja mbaya ya mwaka 1944 ilitosha kulipeleka jalada nje ya muda, na likishatoka nje ya muda hata anayekubaliana nawe hawezi kukusaidia bila sheria ya bunge.

#13 Bandari Salama

Naongeza moja tu kwa wasomaji wa huku kwetu. Mwaka huohuo wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na batalioni zake za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu), ilikuwa ikipambana na Wajapani hao hao huko Burma, ikishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Asia na kufika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya machela. Waliobeba majeruhi kwenye tope lile walikuwa chini ya mkataba uleule wa 1929.

#14 Gego

Kwa kulinganisha, mtazameni Weedon Osborne. Mzaliwa wa Chicago, alihitimu udaktari wa meno Northwestern mwaka 1915, akaingia jeshi la majini Mei 1917, akapangwa na Rejimenti ya 6 ya Marines (askari wa majini wanaopigana nchi kavu) huko Ufaransa. Tarehe 6 Juni 1918, katika shambulio la kijiji cha Bouresches karibu na Belleau Wood, hakukuwa na meno ya kutibu, akajitupa kwenye kubeba majeruhi chini ya risasi. Aliuawa akimbeba Kapteni Donald Duncan kumtoa kwenye moto. Alikuwa na miaka 25, na amezikwa makaburi ya Aisne-Marne, hukohuko Belleau.

Nishani yake haikuzungushwa miongo kwa miongo. Mkononi alikuwa na mtu, si bunduki, na makarani hawakuwa na la kuuliza. Yupo pia Alexander Lyle, daktari wa meno wa majini aliyepata nishani hiyo kwa kumtibu koplo chini ya mizinga Aprili 1918, yeye akaishi hadi kuwa admirali. Madaktari wa meno wenye Nishani ya Heshima ni hao watatu, na wa jeshi la nchi kavu ni Salomon peke yake.

#15 Dodoso

Nimeelimika, wakuu. La mwisho: kile kitambaa cha mkononi. Kama kilikuwa ndicho kisa, si angekivua tu?

#16 Mwanasheria Kimya

Wengi Pasifiki walikivua, kwa sababu kwenye majani mabichi kitambaa cheupe chenye msalaba ni shabaha. Japani ilikuwa imeridhia mkataba wa majeruhi wa 1929 (ule wa mateka ndio iliusaini bila kuuridhia), lakini kwenye mapigano ya visiwani alama haikuheshimiwa.

Kisheria, ibara ya 21 inataka mhudumu avae kitambaa hicho mkono wa kushoto, chenye muhuri wa mamlaka ya jeshi. Kukivua hakumgeuzi kuwa askari wa miguu, na kukivaa hakumwondolei ibara ya 8. Hadhi inatokana na kazi aliyopangiwa, na kazi aliyopangiwa Salomon asubuhi ile ilikuwa wale majeruhi 30. Griner alikitaja kitambaa kama ushahidi dhidi yake. Mimi jalada lile ningelisoma kinyume: kitambaa kinathibitisha kwamba wagonjwa wale walikuwa wake.